Kuloweka mbegu kwa shamba lenye chumvi: yale watu husema na vile mambo yako

Huku upande wa Elementaita kuna mashamba ukimwagilia maji ya kisima kwa muda unaona unga mweupe umeganda juu ya matuta na majani ya sukuma yanaungua pembeni, na siku hizi kila mtu atakwambia loweka mbegu kwanza. Ushauri ni mzuri, shida ni vile unaelezwa.

Eti mbegu ikilowekwa shamba linapona. Hapana jamani, chumvi inabaki palepale. Kinachofanyika ni kwamba udongo wa chumvi unashikilia maji, kwa hivyo mbegu inashindwa kuyavuta, inakaa chini siku nyingi na inaweza kuoza. Ukiiloweka kwa maji safi inakunywa mapema, inaanza kuamka ndani kwa ndani, halafu unaianika kivulini kabla mzizi haujachomoza, sasa ukipanda inatoka haraka tena kwa pamoja. Unapata mwanzo mzuri, basi.

Kuna wale huacha mbegu kwa ndoo mpaka ichipue wakidhani ndio inapata nguvu. Hiyo unaiharibu, mzizi ukishatoka hauwezi kuvumilia kukauka tena. Mahindi na mpunga mwisho ni kama masaa 24, wengi huloweka usiku mmoja tu na inatosha, mtama masaa 10 hivi. Na usiloweke gunia zima ukaweka stoo kungoja mvua, mbegu iliyolowekwa haikai muda mrefu kama ile kavu.

Magadi nayo? Nimesikia watu wakisema weka magadi ya mboga ndio mbegu izoee. Tafadhali usijaribu. Watafiti kweli hutumia chumvi kidogo sana iliyopimwa, mara nyingi kalsiamu kloraidi ama potasiamu naitreti, lakini magadi ni sodiamu na inapandisha pH (kipimo cha uchachu ama ualkali wa udongo), ndio hiyo hiyo shida uko nayo shambani.

Ile mbegu ya agroveti yenye rangi ya pinki ama kijani, hiyo rangi inaonyesha imepakwa dawa. Ukiiloweka dawa inatoka na maji, mikono yako imo humo, na kuku watakunywa yakimwagwa. Ipande vile ilivyo.

Halafu zao lenyewe ndilo linaamua mengi kuliko ndoo ya maji. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa desisimensi kwa mita: maharagwe huanza kupoteza mavuno ikipita 1.0, mahindi 1.7, mtama 6.8. Angalia hiyo tofauti! Mtu analoweka maharagwe kila msimu na kila msimu analia, na mtama ungemfaa hapo hapo.

La mwisho ni kwamba ati kila chumvi huondoka kwa maji mengi. Pima udongo kwanza. Kama ni sodiamu imeshika udongo mpaka umekuwa mgumu na pH imepita 8.5, unahitaji jasi (gypsum) kabla ya kuosha chumvi kwa maji. Na kuosha kwenyewe kunataka maji yapate pa kutokea, ule udongo mweusi wa Kano kule Kisumu bila mtaro yanasimama tu juu, jua linayakausha, na chumvi inabaki juu kwa juu.