Skrini za kugusa kwenye magari: tunayoamini na yaliyo kweli

Watu wengi huamini kwamba skrini ya kugusa ni uvumbuzi wa juzi, na vitufe ni mambo ya kale. Sivyo. Buick Riviera ya 1986 ilitoka kiwandani na skrini ya kugusa ya kuendeshea redio na kiyoyozi. Madereva walilalamika kwamba inawatoa macho barabarani, na miaka michache baadaye ikaondolewa.

"Ukishaizoea hutapata shida." Dhana hii inaniudhi kuliko zote, maana inambebesha dereva lawama ya aliyebuni gari. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima magari mapya 11 pamoja na Volvo V70 ya 2005, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Madereva walipewa kwanza muda wa kuyazoea. Kisha wakapewa kazi za kawaida kabisa, kama kubadilisha stesheni ya redio na kupunguza mwanga wa dashibodi. Kwenye Volvo ile kuukuu yenye vitufe, kazi zote ziliisha kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Kwenye MG Marvel R zilichukua karibu sekunde 45, sawa na mita 1,372!

Sababu iko kwenye vidole. Kitufe kina umbo lake na hakihami mahali pake. Mkono unakifuata, kidole kinakipapasa na kukizungusha, kinasikia kile kishindo kidogo cha kila hatua, na muda wote huo macho yako mbele. Kioo cha skrini hakina cha kupapasa. Lazima jicho likiongoze kidole, kisha lirudi tena kuhakikisha kama kimegusa penyewe, na gari likirukaruka kidogo tu umefungua menyu usiyoitaka.

Hata hivyo tuwe wakweli: skrini zote hazilingani. Katika jaribio hilohilo, Dacia Sandero na Volvo C40, zote zenye skrini, zilimaliza chini ya sekunde 14.

Wapo wanaodhani skrini imewekwa kwa ajili ya raha ya dereva. Ukweli ni kwamba inampunguzia mtengenezaji gharama. Kila kitufe kinahitaji kuundwa, kuungwa nyaya na kupimwa. Skrini moja inabeba kazi zote, na programu yake hubadilishwa baadaye. Isitoshe, Marekani imelazimisha kamera ya nyuma kwenye magari mapya tangu Mei 2018, kwa hiyo skrini ya kuonyesha picha yake itakuwepo tu.

Amri za sauti nazo hazijamaliza tatizo. Bado unatupa jicho kuona kama gari limekuelewa.

"Si kosa, mradi hujashika simu." Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya Karlsruhe, Ujerumani, ilikataa hoja hiyo. Dereva wa Tesla alikuwa akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini huku mvua ikinyesha, akatoka barabarani na kugonga miti. Alitozwa faini ya euro 200 na kuzuiwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Binafsi naona aliyeificha waipa ndani ya menyu naye alistahili kuulizwa.

Sasa ameanza kuulizwa. Kuanzia 2026, Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wanatoa alama kwa gari ambalo indiketa, taa za hatari, waipa, honi na kitufe cha kuomba msaada wa dharura vinashikika kwa mkono, nje ya skrini. Si sheria, ila mtengenezaji anayetaka nyota 5, daraja lao la juu kabisa, hawezi kuzipuuza alama hizo.