Haharishi, Kwa Hiyo Hana Minyoo?

Mvua za masika zikishaotesha majani, simu huanza. "Daktari, huyu hana minyoo, mbona mavi yake ni makavu?" Nimeisikia Kajiado, nimeisikia Narok, na mara nyingi anayeuliza tayari ana kondoo aliyelala chini asiyeinuka.

Dhana: Kondoo asiyeharisha hana minyoo.

Mnyoo anayetuulia kondoo wakubwa ni Haemonchus contortus. Anakaa tumbo la nne, na kazi yake ni kunyonya damu. Kuharisha si dalili yake ya kawaida. Wengi hufa kinyesi kikiwa bado cha punjepunje. Mnyoo mmoja hunyonya takriban mililita 0.05 kwa siku. Weka 5,000 tumboni, hesabu unayo: robo lita kila siku, kwa mnyama wa kilo 30 ambaye damu yake yote ni kama lita mbili. Sasa niambie unasubiri mavi yakuambie nini.

Angalia jicho. Funua kope la chini juani: likiwa jekundu, mwache, likiwa jeupe, mnyweshe dawa leo, si siku ya soko. Kadi ya FAMACHA kutoka Afrika Kusini ina rangi tano za kulinganisha, kutoka 1 (nyekundu) hadi 5 (nyeupe). Wa 4 na 5 hutibiwa. Wa 3 hutibiwa akiwa amekonda, ana mimba au ananyonyesha.

Na ule uvimbe laini chini ya taya? Si jino, si nyoka, si jipu. Damu ikiisha protini, maji huvuja na kukusanyika hapo. Ndiyo maana uvimbe huwa mkubwa jioni baada ya kushinda kichwa chini akichunga, na asubuhi umepungua. Naomba tena: msiuchanje, msiuchome kwa chuma. Kama mnachunga kwenye madimbwi yenye konokono, fikirieni pia minyoo bapa ya maini, ambayo dawa za kawaida za minyoo, ivamektini wala levamizoli, haziigusi.

Halafu kuna anayenywesha zizi zima kila mwezi, kwa kipimo cha kukisia, "ili kuwa salama". Huyo analea minyoo sugu. Nywesha wenye kope jeupe, kwa kipimo cha uzito halisi, waache wenye afya. Na kabla ya kuuza kondoo wote wekundu wa Kimaasai ili ununue Doper, aina ya kondoo wa nyama, kumbuka wekundu huvumilia mnyoo huyu vizuri zaidi. Doper ana nyama, sikatai, lakini bonde lenye majimaji si lake.

Dhana: Vidonda vya mdomo ni ugonjwa wa miguu na midomo, dawa ni sindano ya antibayotiki.

Huenda ni orfu (magamba na vidonda vya midomo), ulimi wa buluu unaoletwa na visubi, au sotoka ya mbuzi na kondoo. Yote ni virusi. Antibayotiki huzuia tu bakteria wanaoingia baadaye. Orfu hupona yenyewe baada ya wiki tatu au nne, ila huambukiza mikono yako, kwa hiyo vaa glavu. Sotoka ni jambo jingine: vidonda, makamasi, homa, na hapo kweli kuharisha kupo. Usihamishe kundi, ripoti kwa ofisi ya mifugo. Chanjo yake hukinga kwa miaka mitatu hivi. Mmeikataa mara ngapi?

Dhana: Tumbo likivimba, toboa kwa kisu.

Gesi tupu, isiyo na povu, hutoka kwa mrija wa mpira unaopitishwa mdomoni. Povu halitoki hata ukitoboa. Mnyweshe mafuta ya kupikia. Kisu ni cha dakika ya mwisho, ubavu wa kushoto, na kwa anayejua. Kama amevamia gunia la mahindi, tatizo ni asidi na gesi ni jambo dogo: mnyime maji mengi kwa muda, mpe magadi ya kuokea (baking soda) yaliyoyeyushwa, niite.

Dhana: Kakonda kwa sababu meno ya juu yameng'oka.

Hayajawahi kuwapo! Mbele juu kondoo ana ufizi mgumu tu. Hesabu ya chini: meno manane. Yakiwa yamelegea au yamevunjika, au akidondosha majani yaliyotafunwa nusu kwa sababu ya magego, dawa haitamnenepesha. Muuze kabla ya kiangazi.