Lenzi haizibi masikio

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza picha huanza kuniuliza habari za risasi. Niliogopa? Ile fulana ya kuzuia risasi ni nzito kweli? Ni nzito, na ndiyo, niliogopa. Lakini si hofu iliyonifikisha idara ya magonjwa ya akili Muhimbili. Ni sauti.

Ukishaweka kamera usoni, akili inapata kazi. Jua limefika wapi, shata iende kasi gani, yule askari wa kushoto abaki kwenye fremu au nimtoe, betri imebaki kijiti kimoja. Unahesabu, na anayehesabu halii. Ndiyo maana wapigapicha wengi wa vita watakwambia kwamba pale pale hawakuhisi kitu. Usidhani wana roho ngumu.

Masikio sasa, hayana lenzi. Mwenzangu aliyetoka Paris akiwa mashariki ya Kongo anasikia kelele tu, maneno atatafsiriwa jioni kwa kifupi. Mimi mtoto wa Mbagala nilikuwa nasikia kila neno, maana Goma wanaongea Kiswahili.

Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia Goma, nilikuwa kwenye barabara ya kutoka Kibati. Watu walikuwa wanateremka na magodoro kichwani. Mama mmoja alikaa pembeni juu ya mawe meusi ya volkano, mtoto kamlaza mapajani, kamfunika kitenge mpaka kidevuni. Nilipiga goti, nikainua kamera. Akaniambia taratibu, kama anayeongea na jirani: "Usimupige foto, iko nalala."

Mtoto alikuwa amekufa. Nilijua, na nadhani mama naye alijua. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza mara mbili.

Usiku ndipo kazi hii inapomla mtu. Unahamishia picha kwenye laptopu, unakuza kila moja mpaka jicho la mtu lijae skrini, uone kama imetulia. Kisha unaandika maelezo: nani, wapi, tarehe ngapi. Mhariri anataka jina, tena lenye herufi sahihi, kwa hiyo ulishamuuliza mfiwa jina lake na la marehemu wake. Yule mama sikumuuliza. Zile picha mbili sikuzituma, wala sikuwa na moyo wa kuzifuta.

Nikarudi kwa basi kupitia Rusumo, nikashuka Ubungo. Sisi wa Mbagala mlipuko tunaujua, ghala la silaha lililipuka kwetu tarehe 29 Aprili 2009, hivyo mke wangu aliogopa fataki za mwaka mpya zingenishtua. Hazikunishtua. Kilichonishinda ni jioni moja, jirani kapiga hodi, mke wangu akamjibu kwa sauti ya chini: "Ngoja kidogo, mtoto amelala." Nilitoka nje, nikatembea peku mpaka Rangi Tatu. Hata leo sikumbuki nilipita njia gani.

Mwaka 2002 daktari Anthony Feinstein na wenzake walichapisha utafiti juu ya waandishi na wapigapicha 140 wa vita. Asilimia 28.6 walikuwa wamewahi kuugua kiwewe, ule ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha. Nilipousoma nililia, kwa sababu nilikuwa nimejiona mdhaifu peke yangu. Shirika la nje nililolifanyia kazi lilinilipa kwa kila picha: hakuna bima, hakuna aliyeniuliza nalalaje.

Hapa mjini tunapenda kumtaja Mohamed Amin, mpigapicha wa habari aliyeanzia kazi Dar es Salaam kabla dunia haijamjua. Mlipuko wa ghala la silaha ulimkata mkono Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia. Sifa zile anastahili zote. Ila mimi nilikua nikiamini kuwa jeraha la mpigapicha ni lile linaloonekana, na nilirudi na mikono yangu yote miwili.

Muhimbili mtaalamu alinisimulisha siku ile tangu asubuhi mpaka usiku, mfululizo, wiki baada ya wiki. Kiwewe huhifadhi vipande, sauti huku, harufu kule, visivyo na tarehe, ndiyo maana mwili unadhani jambo linatokea sasa hivi. Kusimulia kwa mpangilio kunavirudishia tarehe yake. Ni kazi ya kuchosha, na inasaidia.

Nanyi mnaokwenda huko: video mkiikata, zimeni sauti mpaka mtakapoihitaji. Picha ya maiti ipunguzeni iwe ndogo, msiikuze bila sababu. Na laptopu isipande kitandani.

Mke wangu nilimsimulia mwaka 2014, karibu miaka miwili baadaye. Hakusema mengi. Ila mdogo wake mtoto wetu alipozaliwa, jirani akipiga hodi jioni, niliona anajibu: "Ngoja kidogo, kapitiwa na usingizi."