Mashine Ikikuuliza Sarafu, Chagua ya Nchi Uliyopo

Imani hii haifi: “Ukilipa kwa kadi ugenini, chagua sarafu ya kwenu. Utakwepa makato ya kubadilisha na utajua umelipa kiasi gani.” Naisikia kwa wanafunzi, kwa wafanyabiashara, hata kwa watu wa benki waliopaswa kujua. Hilo la pili ni kweli, utajua umelipa kiasi gani. Ila utakuwa umelipa zaidi ya ulichopaswa kulipa, na hasara hiyo inazuilika kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ndiyo maana inaniudhi kila ninapoisikia.

Ubadilishaji haukwepeki. Bei imeandikwa kwa sarafu ya nchi uliyopo, akaunti yako inahesabu kwa sarafu nyingine, kwa hiyo lazima mtu abadilishe. Unachochagua pale kwenye mashine ni nani abadilishe na kwa kiwango cha nani. Ukichagua sarafu ya hapo ulipo, kazi hiyo inafanywa na mtandao wa kadi, yaani Visa, Mastercard au mwingine, kwa kiwango kinachokaribiana sana na kile ambacho benki hutumia zinapouziana fedha. Kisha benki iliyokupa kadi huongeza ada yake ya miamala ya nje. Benki nyingine hazitozi kitu, nyingi hutoza hadi asilimia 3 hivi, na chache huzidi hapo. Ukichagua sarafu ya kwenu, kazi inafanywa palepale na benki ya mwenye duka au kampuni inayoendesha ATM. Kiwango wanakipanga wao, na faida yao imo ndani ya kiwango hicho. Mwenye duka naye hupata mgawo, ndiyo maana mhudumu mwingine hukuchagulia bila kukuuliza.

Tupige hesabu. Chukulia umenunua kitu cha euro 100, kadi yako ni ya dola, na mtandao wa kadi siku hiyo unahesabu euro 1 kwa dola 1.10. Ukilipa kwa euro, inakuwa dola 110. Benki yako ikitoza ada ya asilimia 2, jumla ni dola 112.20. Ukikubali kulipa kwa dola, na kiwango cha mashine kimeongezwa asilimia 6, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, unalipa dola 116.60. Halafu linakuja jambo ambalo wanaokushauri “ukwepe makato” hawalijui: benki nyingi hutoza ada ya miamala ya nje kwa sababu duka liko nje, hata kama malipo yamefika kwa sarafu ya nyumbani. Ongeza asilimia 2 ileile juu ya 116.60, unafika karibu dola 118.93. Makato hukuyakwepa. Umeyalipa mara mbili.

Kwenye ATM mtego huo umetegwa kwa ustadi zaidi, kwa sababu maneno ya kwenye skrini yanatisha. Mashine inakuonyesha kiwango “kilichohakikishwa”, kisha inaweka vitufe viwili: kubali ubadilishaji, au kataa. Watu wengi wanaamini wakibonyeza kukataa mashine itarudisha kadi na hawatapata fedha. Sivyo. Kukataa ubadilishaji hakufuti muamala. Fedha zinatoka kama kawaida, na hesabu inafanywa na mtandao wa kadi yako. Mashine nyingine huuliza mara mbili, mara ya pili kwa maneno makali zaidi. Kataa mara zote mbili. Ikitokea kweli imefuta, chukua kadi yako uende kwenye mashine ya benki nyingine.

Usichanganye ubadilishaji huo na ada ya mwenye mashine. Hiyo ni ada ya kila muamala, na kukataa ubadilishaji hakuiondoi. Wanaosema “nilikataa na bado nikakatwa” wanazungumzia ada hii. Mashine inapaswa kukuonyesha kabla hujathibitisha, na ukiona ni kubwa unaweza kuacha. Ada ya euro 5 ukitoa euro 50 ni asilimia 10 nzima. Ukitoa euro 250 ni asilimia 2. Kwa hiyo toa kiasi kikubwa mara chache kuliko kidogo kila siku. Kikubwa kiasi gani? Hapo sina jibu moja, kwa sababu kila noti unayoiongeza mfukoni inapunguza ada na kuongeza kitakachopotea ukiibiwa. Mimi huwashauri watu watoe mahitaji ya siku tatu au nne, na kiasi kisiwe cha mamia kamili: ukiomba 190 badala ya 200, mashine italazimika kukupa na noti ndogo, ambazo ndizo dereva wa teksi na muuza maji wanazoweza kurudishia chenji.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni namba 2019/518 imewalazimu watoa huduma hawa, tangu Aprili 2020, kuonyesha nyongeza yao kama asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Isome asilimia hiyo kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye skrini. Kwingineko huenda usione asilimia yoyote, bali kiwango tu, na hapo inabidi ukilinganishe mwenyewe. Visa na Mastercard wote wana kikokotoo kwenye tovuti zao; unaingiza tarehe, sarafu mbili na ada ya benki yako.

Dukani, itazame mashine kabla ya kugusisha kadi au kuweka namba ya siri. Ukiona jumla imeandikwa kwa sarafu ya kwenu na hujaulizwa, umeshachaguliwa. Kanuni za mitandao ya kadi zinamtaka mfanyabiashara akuachie wewe uchaguzi, kwa hiyo sema bila aibu: “Futa, nataka kulipa kwa sarafu ya hapa.” Fanya hivyo ukiwa bado umesimama pale. Risiti ya malipo yaliyobadilishwa huwa na sarafu zote mbili, kiwango, na sentensi isemayo kwamba umepewa nafasi ya kuchagua na umekubali. Ukishatia saini sentensi hiyo, kudai kupitia benki yako baadaye ni vita vigumu. Mtego huohuo uko kwenye tovuti za hoteli na tiketi za ndege zinazokuonyesha bei kwa sarafu ya kwenu “kwa urahisi wako”.

Je, kuna siku ambapo sarafu ya nyumbani ina nafuu? Ipo, na wanaosema “kamwe” wanarahisisha mno. Kama benki yako inatoza asilimia 5 kwa miamala ya sarafu za kigeni, haitozi chochote kwa muamala wa nje uliofika kwa sarafu ya nyumbani, na mashine imeongeza asilimia 4 tu, basi mashine ina nafuu. Vilevile sarafu ya kwenu ikiwa inaporomoka kila siku, kiwango cha papo hapo kinaweza kukulinda, maana muamala wa kadi mara nyingi huingia rasmi kwenye akaunti siku moja hadi tatu baadaye, na kiwango kinaweza kuwa kimebadilika. Ila hali hizo zinahitaji uijue ada ya benki yako kwa namba. Isome kwenye karatasi ya viwango vyao kabla ya safari, na uliza swali hili hasa: “Mnatoza ada ya nje hata malipo yakija kwa sarafu yetu?”

Maduka ya kubadilishia fedha yenye bango la “hakuna kamisheni” ni ndugu wa mtego huo. Usitazame kamisheni, tazama pengo kati ya bei mbili za ubaoni. Kununua na kuuza pale vinahesabiwa kwa upande wa duka: ukiwapa fedha za kigeni, wao ndio wananunua. Wakinunua euro kwa 1.02 na kuuza kwa 1.18, katikati ni 1.10, kwa hiyo umeacha asilimia 7 na ushei kila upande bila neno kamisheni kutajwa. Pengo la asilimia 2 au 3 ni la heshima. La uwanja wa ndege huwa pana kwa sababu wanajua hujafika kwingine. Ukibeba dola taslimu, beba mpya zisizokunjwa wala kuandikwa. Serikali ya Marekani inatambua noti zake zote tangu 1861, lakini mwenye duka halazimiki kuzipokea, na wengi hukataa za matoleo ya zamani au hulipa pungufu kwa noti ndogo. Noti ya 100 yenye utepe wa buluu, iliyoanza kutolewa Oktoba 2013, haina shida. Hundi za wasafiri, zile ambazo American Express ilizianzisha 1891, ziache. Siku hizi utazunguka mji mzima ukitafuta pa kuzibadilisha.

Sasa kadi zenyewe. Beba mbili, za mitandao tofauti, na zisikae pochi moja. Ila kuna nchi ambako hata kadi mbili hazikusaidii: Visa na Mastercard walisitisha shughuli zao Urusi Machi 2022, na kadi zao zilizotolewa nje hazifanyi kazi kule, Iran vilevile. Huko ni fedha taslimu, na hesabu yake uifanye kabla hujapanda ndege. Kadi ya mkopo usiitolee fedha kwenye ATM ila umebanwa kabisa, kwa sababu riba kwa kawaida huanza siku hiyohiyo, bila zile wiki za neema unazopata ukinunulia bidhaa, na ada ya kutoa iko juu yake. Namba ya siri iwe ya tarakimu nne na uijue kwa tarakimu, kwani vitufe vya nchi nyingi havina herufi. Ukikosea mara tatu, kwa kawaida kadi inajifunga, na mara nyingi kuifungua kunahitaji mashine ya benki yako mwenyewe.

OTP, yaani namba ya uthibitisho ya kutumika mara moja ambayo benki hukutumia kwenye simu, ndiyo inayowakwamisha watu wengi kuliko wizi. Unafika, unatoa laini yako na kuweka ya huko, kisha unanunua tiketi mtandaoni, na benki inatuma OTP kwenye laini iliyoko ndani ya begi. Kabla ya kuondoka, hamisha uthibitisho uende kwenye programu ya benki, au hakikisha laini yako inapokea ujumbe ugenini. Wakati huohuo washa matumizi ya nje kwenye kadi. Benki nyingi huyazima bila kukuambia.

Hoteli na makampuni ya kukodisha magari huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kwa kadi ya mkopo wanazuia sehemu ya kikomo chako. Kwa kadi ya akaunti wanazuia fedha zako halisi, na hata baada ya hoteli kuachia, benki yako inaweza kukaa nazo siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Bili ya mwisho nayo huja kama muamala mwingine, kwa hiyo kwa muda vyote viwili vinakaa kwenye salio lako. Tumia kadi ya mkopo kwa dhamana, na ya akaunti kwa ATM.

Mashine ikikata salio bila kutoa fedha, andika saa, kiasi na namba ya mashine, tunza risiti, na udai kwa benki iliyokupa kadi. Mwenye mashine hana uhusiano na akaunti yako. Kadi ikikataliwa, usijaribu mara tano mfululizo. Mfumo wa kuzuia wizi utaifunga. Jaribu mashine ya benki nyingine mara moja, kisha piga simu. Namba ya simu iandike mahali pengine, kwa sababu iliyo nyuma ya kadi huibiwa pamoja na kadi, na namba za bure mara nyingi hazipigiki kutoka nje. Chukua ile yenye msimbo wa nchi.

Ukilazimika kutumiwa fedha kwa Western Union, namba ya muamala ni ya tarakimu 10, na jina alilojaza mtumaji lifanane na la kwenye pasipoti yako. Majina matatu kwenye fomu na mawili kwenye pasipoti yanatosha kukurudisha mlangoni. Hapa pia usiangalie ada tu. Mwambie mtumaji aulize utapata kiasi gani hasa, maana kiwango kinaficha sehemu yake.

Na noti zinazobaki, zitumie au zibadilishe kabla ya kuondoka. Sarafu za chuma maduka mengi ya kubadilishia fedha hayazipokei. Kama una pauni za karatasi za 20 au 50 kutoka safari ya zamani, dukani hazikubaliki tena baada ya 30 Septemba 2022, lakini Benki Kuu ya Uingereza bado inazibadilisha, kwa posta au ukienda ofisini kwao London.