Ruzuku ya usafirishaji: serikali inapotia mkono kwenye nauli ya ngano

Mkulima wa Saskatchewan, katikati ya Kanada, yuko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka bandari ya Vancouver. Malori hayawezi kubeba mavuno yote hayo kwa umbali huo kwa gharama inayolipa, kwa hiyo anategemea reli, na mara nyingi reli iliyo karibu naye ni ya kampuni moja tu. Bei anayoipata shambani ni ile ya bandarini ikishakatwa gharama ya behewa na ya ghala. Nauli ikipungua dola tano kwa tani, kwake ni sawasawa na ngano kupanda dola tano. Kwa sababu hiyo serikali huvutwa kuingilia, na kwa sababu hiyohiyo jirani anayelima ngano ileile huanza kunung'unika.

Ruzuku ya usafirishaji ni msaada wowote wa serikali unaompunguzia mkulima au mfanyabiashara gharama ya kufikisha mazao sokoni. Inaweza kuwa fedha inayolipwa kampuni ya reli, inaweza kuwa mabehewa yaliyonunuliwa na serikali, au ikawa amri tu kwamba mzigo fulani usitozwe zaidi ya kiasi fulani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowachanganya wengi, maana hazina haitoi hata senti moja. Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kazi mwaka 1995, haukuacha mwanya hapo. Ibara ya 9 inahesabu kuwa ruzuku ya kuuza nje gharama za usafiri wa ndani ambazo serikali imezitoa au imeziamuru, pale mzigo unaokwenda nje unapopata masharti nafuu kuliko mzigo wa soko la ndani. Kigezo ni ulinganisho huo. Serikali ikiwashushia wote nauli, hoja ya mlalamikaji inakuwa dhaifu. Ikiishusha kwa magunia yanayoelekea melini peke yake, imejiingiza kwenye kesi.

Kanada ndiyo shule nzuri ya jambo hili, kwa sababu ililifanya kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 1897 serikali ilikubali kuipa kampuni ya Canadian Pacific hadi dola 11,000 kwa kila maili ya njia mpya kupitia Crowsnest, kwenye milima ya Rocky, kuelekea eneo la migodi la British Columbia. Kampuni nayo ikakubali kupunguza nauli ya nafaka na unga vinavyokwenda mashariki kwa senti tatu kwa kila ratili 100, bila kuweka tarehe ya mwisho. Punguzo lilisimamishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likarudishwa mwaka 1922, na mwaka 1925 nauli hiyo ikawa sheria ya Bunge. Wakulima waliiita Crow Rate, na mwanasiasa wa magharibi aliyethubutu kuigusa alikuwa anacheza na kura zake.

Tatizo la bei iliyogandishwa kisheria ni kwamba mafuta, chuma na mishahara haviisomi sheria hiyo. Kufikia miaka ya 1970 nauli ilikuwa bado karibu nusu senti kwa tani kwa maili. Kampuni za reli zilikuwa zikipata hasara kwa kila treni ya ngano, kwa hiyo zikafanya kinachotarajiwa: ziliacha kununua mabehewa na zikaacha njia ndogo za vijijini zioze. Kuanzia mwaka 1972 ikabidi serikali yenyewe inunue mabehewa ya nafaka, maelfu kwa maelfu. Mwaka 1983 ikapitishwa sheria mpya: nauli iruhusiwe kupanda, na serikali iwalipe wenye reli sehemu kubwa ya pengo. Malipo hayo yalizidi dola milioni 650 za Kanada kwa mwaka.

Hata ndani ya Kanada si wote waliofaidika. Nafaka ghafi ilisafiri kwa bei ya chini, kwa hiyo bei yake shambani ilibaki juu, na mfugaji wa Alberta aliyetaka kunenepeshea ng'ombe shayiri ileile alilazimika kushindana na bandari. Wenye viwanda vya kukamua mafuta ya kanola nao waliuliza kwa nini mbegu ipewe nauli nafuu kuliko mafuta. Kwa maoni yangu hoja hizi zilikuwa nzito kuliko zile za Wamarekani, ila hazikuwa na kelele za kutosha.

Kelele zilitoka North Dakota, jimbo la Marekani linalopakana na Kanada na kulima ngano ileile. Mkataba wa biashara huria wa 1989 kati ya nchi hizo mbili uliizuia Kanada kutoa ruzuku ya reli kwa nafaka inayoingia Marekani kupitia bandari za pwani ya magharibi, lakini ya kupitia Thunder Bay, kwenye Maziwa Makuu, ikaendelea. Ngano ya durum, ile ya kutengenezea makaroni, ilipozidi kumiminika, Marekani iliibana: kwa mwaka mmoja kuanzia Septemba 1994, ngano ya Kanada iliyovuka viwango vilivyowekwa ilitozwa ushuru mkubwa. Nyani haoni kundule, maana tangu 1985 Washington yenyewe ilikuwa ikitoa ruzuku ili ngano yake iuzwe nje, na ngano ilipopungua nyumbani bei ilipanda, ikaivuta ya Kanada.

Tarehe 1 Agosti 1995 Kanada ikafuta malipo yake kwa wenye reli. Nakisi ya bajeti ilichangia kama mkataba wa biashara ulivyochangia. Wenye ardhi walilipwa fidia ya mara moja ya dola bilioni 1.6. Gharama ya kusafirisha ilipanda kwa nguvu, na wengi wakageukia kanola, dengu na mifugo.

Serikali haikuondoka relini, hata hivyo. Tangu mwaka 2000 kuna ukomo wa mapato ambayo kampuni mbili kubwa za reli, CN na Canadian Pacific (tangu 2023 inaitwa CPKC), zinaweza kupata kwa mwaka kutokana na nafaka ya magharibi. Ikizidi, kampuni hurudisha ziada pamoja na faini, na fedha hizo huenda kwenye utafiti wa mazao. Marekani ililipeleka hilo Geneva, kwenye Shirika la Biashara Duniani, pamoja na malalamiko dhidi ya bodi ya ngano ya Kanada, iliyokuwa na haki ya pekee ya kuuza nje ngano ya magharibi. Mwaka 2004 ilishindwa kwenye hoja kubwa ya bodi, ikashinda kwenye behewa: kosa halikuwa ukomo wenyewe, bali nafaka iliyotoka nje kunyimwa ukomo huo. Kanada ikarekebisha sheria mwaka uliofuata. Na mavuno makubwa ya 2013 yalipokwama maghalani kwenye baridi kali, Machi 2014 serikali iliziamuru kampuni hizo mbili kila moja ibebe tani 500,000 kwa wiki.

Kwa nchi zinazoendelea ibara hiyo ya 9 iliacha mlango: ziliruhusiwa kusaidia usafiri wa mazao ya kuuza nje. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Nairobi Desemba 2015 uliuwekea mlango huo mwisho wa 2023, na kwa nchi maskini zaidi, Tanzania na Uganda zikiwemo, mwisho wa 2030.