Kamera ndani ya mrija wa nyongo: lini inafaa, na kwa nini maji yachungwe

Mtu mwenye macho ya manjano, mwasho wa mwili mzima na mkojo kama chai ya mkandaa huanzia kwenye ultrasaundi na vipimo vya damu vya ini, na ndivyo inavyopasa. Ultrasaundi itaonyesha kama mrija wa nyongo umetanuka. Kilichouziba kule chini mara nyingi haikioni, kwa kuwa hewa ya utumbo hufunika hapo. Kisha tuulize: ana homa? Manjano, homa na maumivu chini ya mbavu za kulia vikikutana, mrija una maambukizi. Huyo apewe antibiotiki na azibuliwe upesi, hata kwa stenti tu, yaani kijibomba kinachoachwa mrijani ili nyongo ipite. Ikiwa kilichoziba ni mawe ya nyongo, kuyavunja kutangoja. Na mwarobaini, tafadhali, haumtoi jiwe mrijani, humchelewesha mgonjwa.

Kamera ya kolanjioskopi, yaani ya kutazama ndani ya mrija wa nyongo, ina unene wa milimita 3.5 hivi. Hupitishwa ndani ya endoskopu kubwa ya ERCP (utaratibu wa kuufikia mrija wa nyongo kupitia mdomoni na utumboni, kwa msaada wa eksirei), ambayo njia yake ni milimita 4.2, hadi ndani ya mrija wenyewe. ERCP ya kawaida huona kivuli cha eksirei. Hii huona ukuta. Hata hivyo siitumii kwa kila jiwe. Mawe mengi hutoka kwa kukata mlango wa mrija, pale unapoingia utumboni, na kuyafagia kwa baluni au kikapu. Linaloistahili ni jiwe kubwa, la zaidi ya milimita 15 au lililokwama juu ya sehemu nyembamba, njia hizo zikishindwa.

Jiwe huvunjwa kwa leza au kwa waya wa cheche za umeme. Waya upitishwe kamera ikiwa imenyooka. Ukiulazimisha penye kona utatoboa njia ya ndani, na kamera nyingi za siku hizi ni za kutumika mara moja, bei yake inauma. Ncha ya waya itokeze milimita 5 hivi ili isiharibu lenzi, ikae milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye jiwe, ielekee katikati. Ikigusa ukuta, mrija hutoka damu au hutoboka. Piga kidogo, acha vumbi litulie, tazama, piga tena.

Cheche hazifanyi kazi pasipo majimaji, wala huwezi kuona kitu bila kusafisha. Hivyo maji safi ya chumvi ya asilimia 0.9 hupitishwa muda wote, na hapo ndipo penye hatari ambayo wengi huidharau. Mrija ulioziba hauna pa kutolea maji. Presha ikipanda, bakteria waliomo kwenye nyongo husukumwa hadi damuni, na usiku mgonjwa huanza kutetemeka. Kwa hiyo antibiotiki zitangulie, mlango uwe umekatwa vya kutosha maji yarudi, na msaidizi atie kidogo huku akivuta mengine nje. Maji hayo hujaa tumboni pia. Yakipanda kooni yataingia mapafuni. Ndiyo maana napendelea usingizi kamili wenye bomba la hewa. Kwa asiyekatazwa dawa hiyo, diklofenaki ya miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa hupunguza uwezekano wa kongosho kuvimba.

Matumizi ya pili ni mrija uliobanwa bila sababu kujulikana. Hapa CT au MRI ifanywe kabla ya stenti, na kamera vilevile ikiwezekana, kwani stenti huwasha ukuta na kutudanganya. Mishipa minene iliyojipinda na vinyama vilivyochomoza hutia shaka ya saratani, lakini jicho halitoshi. Koleo linalopitishwa ndani ya kamera hunyofoa kipande kidogo mno, basi nachukua vinne kwa uchache, vikiingia kwenye fomalini ya asilimia 10 papo hapo. Majibu yakisema hakuna saratani na picha zinasema vingine, tunarudia. Mbano ulio karibu kabisa na mlango ni taabu: kamera huteleza nje.

Anayetoka Lamu asipange kurudi gatini Mokowe na kupanda boti siku hiyo hiyo. Homa, maumivu makali au kinyesi cheusi mara nyingi hujitokeza ndani ya saa 24, na alale karibu na hospitali. Akiondoka, karatasi yake iandikwe tarehe ya kutoa au kubadilisha stenti ya plastiki, kwa kawaida ndani ya miezi 3. Iliyosahaulika huziba, na maambukizi huanza upya.