Samaki aliyeogelea si lazima awe amepona

Wavuvi wa ndoana wanaokwenda Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, kumtafuta sangara (Waganda humwita mputa), wana imani moja: ukimwinua, ukapiga picha, ukamrudisha majini naye akaondoka kwa kishindo, basi yu salama. Si kweli. Samaki anaweza kuondoka kwa nguvu, kisha akafa baada ya saa kadhaa au siku, wewe ukiwa nyumbani unaonyesha picha.

Shida huanza nje ya maji. Nyuzi laini za matamvua, viungo vyake vya kupumulia, hushikamana, na hewa haipiti tena vizuri. Samaki huyo tayari amechoka kwa kupigana na mshipi, na maji ya joto kama yale hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, hivyo kupumua upya kunamwia vigumu. Mikono mikavu nayo humvua ute unaomkinga na vijidudu. Na ile picha ya kumning'iniza kwa taya wima, ambayo binafsi siipendi hata kwa macho, huelekeza uzito wote kwenye taya na uti wa mgongo. Sangara anaweza kupita kilo 100!

Tayarisha simu kwanza, samaki akiwa bado kwenye wavu ndani ya maji. Lowesha mikono. Mwinue kwa mlalo, mkono mmoja chini ya tumbo, sekunde chache tu, kisha mrudishe. Picha ikitoka na ukungu, iache.